Mpaka Aseme Ova

Bibi Verediana wa Ujiji ana tabia moja inayowachosha wageni. Ukimaliza kusema naye, hajibu papo hapo. Anakutazama, anangoja, mpaka wewe mwenyewe unaanza kujiuliza kama kuna mtu umemtukana. Wakwe wapya hudhani ana maringo. Maringo hana hata chembe. Anangoja neno moja ambalo watu wa siku hizi hawalisemi tena, na ukimwangalia vizuri mkono wa kulia, utaona kidole gumba kimeinuka kidogo. Kimeachia kitufe ambacho hakipo.

Watu wa mwambao waliokula chumvi wanajua ninachosema. Kabla minara ya simu haijaota juu ya vilima vyetu, vijiji vingi vya ziwani havikuwa na barabara, achilia mbali simu. Kulikuwa na zahanati, moja huku, nyingine kule, na katika zahanati hizo kulikuwa na sanduku la simu ya upepo, limeungwa kwenye betri ya lori, waya wake umefungwa juu kati ya miti miwili. Hapa Kigoma mjini, katika chumba kidogo cha shirika lililokuwa na boti ya wagonjwa, aliketi binti wa Kiha, Verediana, mikrofoni mkononi. Saa mbili kila asubuhi aliita kijiji kimoja kimoja, kuanzia kaskazini kule mpakani mpaka kusini ya mbali, kuuliza nani mgonjwa, nani kajifungua, dawa gani zimekwisha. Kazi hiyo aliifanya mpaka mvi zikamwota.

Simu ile ilikuwa na ukaidi wake. Ukibonyeza kitufe, unasikika, lakini wewe husikii. Ukikiachia, unasikia, lakini husikiki. Hakuna kusema wawili kwa pamoja, hata muwe mnapendana namna gani. Kwa hiyo aliyemaliza alisema "ova," akaachia kidole, ndipo mwenzake aseme. Neno la Kiingereza, fupi, hata mtoto analimudu, na wazee wa vijijini walilipokea bila shida. Kuna bibi mmoja wa kusini alikuwa akimaliza kuombea chakula anasema "Amina, ova." Alipoulizwa, akajibu kwamba Mungu naye apewe nafasi ya kujibu. Watu walimcheka bibi wa watu, lakini nakwambia, wengi wetu tunasali bila kuachia kitufe.

Feliksi alikuwa nahodha wa ile boti. Boti nayo ilikuwa na simu yake, na Feliksi, mtu ambaye maneno yake ungeweza kuyamaliza kabla chai haijapoa, ghafla akawa hodari wa kuuliza hali ya ziwa. Aliuliza asubuhi, akauliza mchana, akauliza hata siku ambayo boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Kibirizi inapakwa rangi. Mwambao mzima ulikuwa ukisikiliza, maana simu ya upepo haina siri: anachosema mmoja wanakisikia wote wenye sanduku. Wauguzi wa kusini walijua mambo ya Verediana kabla mama yake mzazi hajajua. Siku Feliksi aliposema, "Kigoma, nataka kuja kwenu na wazee wangu, ova," hewa yote ilinyamaza. Verediana aliishika mikrofoni mpaka ikalowa jasho. Hatimaye akasikia sauti ya muuguzi mmoja wa huko mbali ikisema kwa upole kwamba wako wengi wanasubiri. Akajibu, "Njoo, ova."

Hakusema auti. Auti ndilo lilikuwa neno la kufunga mazungumzo, la kuzima sanduku na kwenda zako, na tangu siku ile Verediana hajawahi kumwambia Feliksi auti, hata kwa utani.

Ndoa yao ikaendeshwa kwa sheria za simu. Wakigombana, na waligombana sana tu kama watu wote wenye afya, mmoja alichukua kikombe cha bati akakishika kama mikrofoni. Mwenye kikombe anasema mpaka mwisho. Asiye nacho anameza hasira zake mpaka asikie ova. Majirani waliona hawa wawili wameingiliwa na kitu. Lakini ugomvi mwingi uliishia kwenye kicheko, kwa sababu ni vigumu kumtukana mume wako sawasawa huku umeshika kikombe cha uji.

Binti yao, Agnesi, alikulia ndani ya neno hilo. Alipoingia sekondari, akarudi siku moja na kamusi, amejaa furaha ya mtoto aliyemnasa mzazi. Neno lenu hili, akawaambia, lina maana karibu ukurasa mzima. Ni juu ya kitu. Ni kuvuka kwenda ng'ambo. Ni kuzidi, ndiyo maana watu wanasema ovataimu. Ni kumpita mtu, ndiyo ovateki ya malori. Limo hata ndani ya ovaroli ya baba, kwa vile inavaliwa juu ya nguo nyingine. Ni kurudia tena na tena. Na ni kwisha kabisa, mchezo umekwisha, watu waende nyumbani.

Verediana alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Maana nyingine zote zilimfurahisha, hasa ile ya kuvuka, maana alikuwa na mume wa kuvuka. Ya mwisho ndiyo iliyomkaa vibaya rohoni. Miaka yote alikuwa akilitumia neno lile kumfungulia mwenzake mdomo, kumbe wenye lugha yao walilitumia pia kufunga. Akamuuliza Feliksi inakuwaje neno moja dogo libebe kuanza na kwisha. Feliksi akawaza, akasema neno ni kama boti, linabeba ulichopakia. Verediana hakuridhika sana na jibu hilo, ila alilitunza.

Sasa umjue Adolf, kaka mkubwa wa Feliksi. Adolf ni mtu mwema, nakwambia mapema usije ukamchukia. Ana moyo wa kusaidia kiasi kwamba hawezi kukuacha umalize sentensi. Anakumalizia yeye, vile vile anavyokupokea mzigo ukifika mlangoni kwake. Enzi hizo alikuwa mtunza stoo wa shirika lile lile, na siku moja Verediana alipokwenda kwao msibani, Adolf aliketi kwenye simu badala yake.

Muuguzi wa kijiji kimoja cha mbali akaita, sauti inakwaruza. Mama amejifungua, akasema, mtoto amefariki. Akanyamaza kuvuta pumzi. Adolf, machozi yakimlenga, akabonyeza kitufe na kuanza kutoa pole. Alitoa pole ndefu, nzuri, yenye maandiko ndani yake. Muda wote huo muuguzi alikuwa anapiga kelele kule kwamba mama anatoka damu, leteni boti, na Adolf hakusikia hata neno moja kwa sababu kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Alipomaliza alisema auti akazima sanduku, na ilipokuja kufahamika, jua lilikuwa limeinama. Feliksi akaingia ziwani na upepo mbaya vile vile. Mama yule alifika Kigoma akiwa hai, Mungu ni mkubwa, lakini hakuzaa tena. Adolf hakuigusa simu ile tena. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na ndani ya ukoo jambo hilo likafunikwa likabaki limefunikwa.

Kisha minara ikaja, kila mtu akawa na simu yake mfukoni, na watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Sanduku likapelekwa stoo. Boti ikazeeka, nahodha naye akazeeka.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Feliksi alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, kiharusi kikamwangusha. Alipotoka hospitalini, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vizito, na ulimi ulikuwa mzito kuliko vyote. Bwana wa mazoezi aliwaeleza wazi: akili ya mzee iko palepale, maneno yote yamo ndani, ila njia ya kutokea imekuwa nyembamba. Mpeni muda. Akiacha kusema, atasahau kusema. Verediana alimwelewa vizuri. Maneno ya Feliksi yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba lililokauka wiki nzima: kwanza linakohoa, linatema hewa, linanyamaza, ndipo tone linakuja.

Adolf ndiye aliyekwenda na gari la kukodi hospitalini. Alikuwa na hoja zake, na hoja zilikuwa za kweli. Nyumba yake ya Mwandiga iko tambarare, choo kimo ndani, vijana wenye mabega wapo. Nyumba ya Ujiji ina ngazi za mawe mlangoni, na magoti ya Verediana hayakuwa tena magoti ya kumnyanyua mtu mzima. Verediana akakubali kwa siku chache, kwa sababu siku ile hakuwa na nguvu ya kubishana. Siku chache zikawa masika, masika yakawa kiangazi.

Kila siku ya Mungu alikwenda Mwandiga, kapu kwapani, ndani yake samaki wa ziwani, migebuka iliyopikwa kwa mawese kama Feliksi anavyopenda. Kila siku alimkuta ameoga, amekula, shuka safi. Kasoro hakuiona, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu ungelalamikia nini? Lakini alikuwa na jicho. Feliksi akifungua mdomo, Skolastika, mke wa Adolf, anasema baba anataka maji, na maji yanaletwa. Akifungua tena, vijana wanasema anataka kugeuzwa, anageuzwa. Adolf mwenyewe humwambia, "Shemeji, anasema amefurahi kukuona." Yote hayo kwa upendo mtupu. Na kila mara Feliksi alikunywa maji ambayo hakuyataka, akaufunga mdomo. Kiangazi kilipoingia, hakuufungua tena. Alinenepa kidogo, akawa anatazama ukuta.

Verediana alirudi Ujiji akiwa na hasira, na hasira zenyewe hazikuwa na pa kukaa. Utamkasirikiaje mtu anayemwogesha mume wako? Tena kulikuwa na woga ambao hakumwambia hata padri. Je, kama Feliksi mwenyewe ameona Mwandiga ni pazuri? Kama anatazama ukuta kwa sababu hana tena la kumwambia mke wake? Ile maana ya mwisho ya kamusi, aliyokuwa ameisahau miaka yote, ikawa inamjia akiosha vyombo. Imekwisha, watu waende nyumbani.

Jumapili moja, baada ya misa, Adolf akaita kikao cha ukoo nyumbani kwake. Agnesi, ambaye siku hizi ni mwalimu, alikuwepo. Wakasalimiana Kiha, mwidiwe, mwidiwe, kwa makofi taratibu kama inavyopasa, chai ikamiminwa. Feliksi walimweka kwenye kiti cha mikono karibu na mlango apate hewa.

Adolf akafungua kwa maneno mazuri, hiyo ni kazi yake. Akasema shemeji yake amejitoa sana, kila mtu anaona, lakini mwili si chuma. Amechoka. Basi liishe jambo hili la kwenda na kurudi: Feliksi atakaa hapa moja kwa moja, mpaka Mungu atakapoamua, na Verediana atakuja kumwona siku anayojisikia. Agnesi akatazama chini, akasema Baba mkubwa amesema kweli, mama amechoka. Verediana alihisi limemchoma. Neno limetoka kwa binti yake mwenyewe, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli.

Akauliza kama Feliksi ameulizwa. Adolf akamjibu kwa huruma kwamba hali anaiona mwenyewe, mgonjwa anaulizwaje? Pale mlangoni, midomo ya Feliksi ikatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi. "Umeona?" akasema Adolf. "Anasema ameridhika."

Hapo Verediana akasimama. Hakupaza sauti, hakumjibu shemeji yake. Alichukua kikombe kwenye sinia, akamwaga chai yake uani, akaenda mpaka kwenye kile kiti. Akakiweka kikombe katika mkono wa kushoto wa mume wake, akakizungushia vidole, kimoja kimoja, mpaka gumba likakaa juu ya mshikio.

"Feliksi, Feliksi, hapa Ujiji," akasema. "Tunakusikiliza wote. Ova."

Akarudi nyuma, akakaa.

Ee, ndugu yangu, kimya kile. Pikipiki zilipita barabarani. Kuku akaingia, akatoka. Vijana wa Adolf walianza kutazamana kwa aibu, kama watu waliomkuta bibi yao anacheza kitoto. Feliksi alikitazama kikombe muda mrefu. Kisha akakiinua mpaka karibu na mdomo. Shingo yake ikakaza. Kikatoka kikohozi, ikatoka hewa, hakikutoka kitu.

"Vere," akasema.

Wakangoja.

"Vere... amechoka."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Yalikuwa maneno yale yale ya Adolf, hakuna hata moja lililobadilika. Agnesi akafunika uso kwa khanga. Verediana alitaka kusema hajachoka, alitaka kudanganya mbele ya wazee na mbele ya Mungu, aseme magoti yake ni mazima na ngazi za mawe si kitu. Lakini kikombe hakikuwa chake. Ni yeye aliyeileta sheria ndani ya nyumba hii, na asiye na kikombe anameza. Akameza.

Adolf alikuwa tayari ameinuka nusu kwenye kiti. Ungeweza kuziona shukrani zimempanda mpaka kooni, shukrani ndefu, nzuri, zenye maandiko ndani yake. Akafungua mdomo. Na hapo jicho lake likaangukia kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa bado juu. Gumba la mdogo wake lilikuwa bado limekandamiza mshikio, jeupe kwa nguvu.

Adolf akaufunga mdomo. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyesikia sauti ya zamani ikikwaruza kutoka mbali. Skolastika, ambaye hakujua lolote, akaanza kusema kwamba basi, kwa kuwa mwenyewe ameshasema, chakula kiletwe. Adolf akanyoosha mkono kumzuia.

"Hajasema ova," akasema.

Akakaa chini polepole, mikono kati ya magoti, na kuanzia hapo hakuondoa macho kwenye kile kikombe. Wakangoja tena. Safari hii hakuna kijana aliyetazama pembeni, kwa sababu baba yao alikuwa analia.

"Na mimi," akasema Feliksi. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Na mimi... nimechoka."

Kikombe kikayumba. Verediana aliona kinataka kuanguka, na mikono yake ikamwasha kwenda kukishika, lakini hakunyanyuka. Feliksi akakirudisha mdomoni.

"Tukachokee..." Akavuta pumzi. "Tukachokee kwetu."

Akamtafuta mke wake kwa macho, akampata.

"Ova."

Hilo lilitoka zima, halina hata mkwaruzo, kama lilivyokuwa likitoka ziwani miaka ile. Kidole gumba kikainuka. Kikombe kikashuka mapajani.

Sasa ilikuwa ruhusa kila mtu kusema. Verediana alikuwa analia bila kujificha, analia na kucheka, akijipangusa kwa kiganja. Ngazi za mawe zilikuwa palepale Ujiji. Magoti yalikuwa yale yale. Agnesi alikuwa ameshaanza kuwaza kimoyomoyo ni nani atakayezifunika zile ngazi kwa zege ziwe mteremko, atalala wapi mwenyewe, atamwomba nani ruhusa kazini. Lakini kwa mila, aliyepaswa kujibu kwanza alikuwa mkubwa wa ukoo, na wote walimngoja yeye.

Adolf alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akaenda, akachuchumaa mbele ya kiti cha mdogo wake, jambo ambalo mkubwa halifanyi. Akakichukua kikombe mapajani kwa mikono miwili. Alikishika kama mtu anayeshika kitu cha moto, akakisogeza mdomoni, akasita.

"Nimekupata, mdogo wangu," akasema. "Nimekupata vizuri."

Akangoja kidogo, asije akawa amemkatisha mtu.

"Ova."

Kisha akamrudishia kikombe chake, akatoka nje kwenda kuita bajaji.